Cheti cha Kupunguza Undugu

Nchi yetu haimo katika ramani yoyote. Si kwamba ni ndogo. Wachora ramani walikuja mara tatu, na mara zote tatu walirudishwa mpakani kwa sababu ya vumbi la miguuni. Yule wa tatu alinawa vizuri, hata kucha alizisugua, lakini akapiga chafya mbele ya afisa wa zamu, hesabu ya siku saba ikaanza upya. Akachoka, akaenda kuchora nchi nyingine. Jina la nchi nalo sitalitaja. Sheria inasema litajwe na kusikiwa na watu walionawa tu, na mimi sijui ninyi wasomaji leo mmeshika nini.

Niseme tu kwamba ni nchi safi. Huenda ni safi kuliko zote, na ushahidi ninao, maana mimi ni dobi. Naitwa Tirza binti Ketura, na kwa miaka kumi na tisa nimefua kanzu za kitani za makuhani wanaotutawala. Kwetu hakuna mawaziri wala wabunge. Kuna makuhani, na juu yao kuna Kuhani Mkuu. Damu ya sadaka naitoa kwa maji baridi na chumvi. Mafuta ya upako nayatoa kwa jivu na sabuni ya kipande. Yapo na madoa mengine ambayo si ya sadaka wala ya upako. Hayo niliagizwa niyaite madoa ya huduma, nami nayaita hivyo, nayasugua kwa nguvu zaidi.

Mtu hawi kuhani hivi hivi. Lazima awe wa ukoo wa makuhani, kisha apimwe. Mwenye kengeza hapiti. Mwenye pua bapa hapiti. Pua hupimwa kwa rula, na rula nayo hupimwa kila mwaka isije ikawa na kasoro. Aliyewahi kuvunjika mkono au mguu hapiti kabisa. Mikono yote miwili huwekewa uzi mmoja, na mkono mmoja ukizidi mwenzake hata kwa unene wa kucha, mtu hurudishwa kwao akalime.

Ofisi kubwa kuliko zote ni Idara ya Unajisi. Ina madirisha matatu: Waliogusa Bila Kujua, Waliogusa kwa Kujua, na Waliogusa kwa Kujua Lakini kwa Nia Njema. Hili la tatu ndilo lenye zulia na viti vya kulalia, kwa sababu ndiko waendako wakubwa wote.

Najisi kuu kuliko zote ni maiti. Anayeigusa ananajisika siku saba. Aliye nayo chini ya paa moja, siku saba. Chungu kisichofunikwa kilichomo nyumbani humo, siku saba pia. Hata neno lenyewe la kufa limepigwa marufuku katika ofisi za umma. Mtu wetu akifika mwisho wake husemwa ameacha kuitika. Hospitali hazina chumba cha maiti, zina Chumba cha Wasioitika, na gari la serikali likizimika njiani dereva huandika kwamba limepumzika.

Kuhani akifiwa haruhusiwi kusogea, isipokuwa afiwe na mmoja wa watu sita: mama, baba, mwana, binti, ndugu wa kiume, na dada ambaye hajaolewa. Hao sita anaruhusiwa kuwazika, na ana wajibu wa kuwazika. Mimi niliolewa nikaachika, kwa hiyo simo. Lakini mama yangu alikuwemo, na hapo ndipo habari yangu inapoanza.

Mdogo wangu Hezroni ni kuhani. Baba yetu alituachia ukoo wa kikuhani, na zaidi ya huo ukoo hakutuachia kitu. Mama alitulea kwa kukaanga bisi sokoni. Hezroni alipokuwa na miaka saba alianguka kutoka juu ya paa akavunja kiwiko. Majirani walimpa mama pole mbili, moja ya mkono na moja ya ukuhani uliokwenda na mkono. Mama hakumwambia mtu neno. Kila asubuhi kwa miaka miwili alikuwa akipasha samli, akimpaka, akiuvuta ule mkono taratibu huku mtoto akilia na yeye akilia, mpaka siku moja alipochukua uzi akapima mikono ikawa sawa. Wapimaji wa Hekalu waliupima mara tatu, na mara zote tatu wakausifia.

Siku aliyovaa kitani kwa mara ya kwanza alikuja nyumbani, akapiga magoti mbele ya mama. "Mama, wewe umo katika wale sita," alimwambia. "Siku yako ikifika, mimi ndiye nitakayeshuka kaburini kukupokea. Hakuna mtu mwingine."

Mama alilibeba neno hilo kuliko wengine wanavyobeba dhahabu. Sokoni alilisema kwa wateja hata wasipomuuliza. Mtu ananunua bisi zake anataka kuondoka, mama anamshika mkono: "Mimi nina wa kunipokea." Mengine yote ya dunia yalikuwa yamempita, nyumba nzuri, mume, meno. Hakuyalilia. Alitaka kushushwa ardhini na mikono aliyoinyoosha mwenyewe, basi.

Ikawa Kuhani Mkuu wa zamani hajaitika tangu masika. Hakuna aliyeweza kuthibitisha, maana kumkaribia ili kuthibitisha kungemnajisi mthibitishaji, kwa hiyo aliendelea kutawala hadi kipupwe, na wazee wa Hekalu wanasema ile miezi alitoa maamuzi yake bora. Mwishowe harufu yenyewe ikaandikiwa ripoti. Redio ikatangaza kwamba amestaafu kuitika, na kwamba makuhani wamemchagua Kuhani Hezroni, mnyoofu wa mwili na wa tabia, apakwe mafuta Jumatano ya wiki inayofuata, saa nane mchana.

Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Mama alitabasamu kitandani. Alikuwa amelala wiki ya pili, miguu imevimba, kifua kinakoroma, na mganga alikuwa ameshaacha kuleta dawa mpya.

Alhamisi alikuja Katibu Pashuri wa Idara ya Unajisi. Ni mtu mwembamba, mpole sana, anatembea na kopo lake la maji begani kwa kamba. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

"Nashukuru, mama, nitasimama. Kiti sijui kimekaliwa na nani." Akafungua karatasi, akakohoa kiofisi, akasoma: "Kwa Ndugu Ketura. Yahusu: Maombi ya Kuendelea Kuitika. Idara inakuomba, kwa moyo wa uzalendo, uendelee kuitika hadi Jumatano ijayo saa kumi jioni, muda ambao shughuli za upako zitakuwa zimekamilika. Endapo utaona huwezi, toa taarifa ya maandishi siku tatu kabla."

Mama aliwaza kidogo. "Jumatano naweza kujikaza," akasema. "Halafu Alhamisi atakuja kunizika?"

Pashuri alinitazama mimi, kisha akatazama kopo lake. "Alhamisi atakuwa Kuhani Mkuu, mama. Kuhani Mkuu hana wale sita. Hamziki baba, hamziki mama, hamziki mtu. Ndio ukuu wenyewe."

"Na nikienda leo?"

"Ukienda leo, kwa kuwa ni mama yake, sheria inamlazimu aje. Akija, amenajisika siku saba. Siku saba zikiisha, mafuta ameshapakwa mwingine."

Nilisikia kifua cha mama kikipanda na kushuka. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Basi nife lini?"

Neno lilikuwa limetajwa mbele ya mtumishi wa serikali. Pashuri aliruka nje, akamwaga kopo zima kwenye masikio yake, akaomba jingine. Mama alikuwa bado anangoja jibu. Mimi sikuwa nalo, na katika sheria zote za nchi yetu, ambazo zinasema hata mjusi akiangukia unga ufanyeje, jibu hilo halimo.

"Mwambieni Hezroni aje mwenyewe aniombe," mama akasema.

Ijumaa akaja kweli. Hakuingia, maana kama mama angeacha kuitika akiwa naye chini ya paa ingekuwa balaa. Alisimama uchochoroni hatua arobaini kutoka mlangoni, Pashuri amezipima kwa kamba, askari wawili wa mabeseni ya kunawia kulia na kushoto. Alikuwa na kipaza sauti.

"Mama, shikamoo."

Mtaa mzima ukaitikia marahaba. Mama naye aliitikia, lakini pumzi yake haikuvuka kitanda, kwa hiyo nikasimama mlangoni nikawa namsemea.

"Anasema marahaba. Anauliza mbona huingii."

"Siwezi, mama. Nyumba ina hali."

"Mwambie uji wake upo," mama akaniambia. "Mwambie nimemfunikia na sahani, haujapoa sana."

Nikamwambia. Hezroni alishusha kipaza sauti, midomo ikacheza, lakini kwa umbali ule sikusikia alichosema. Kisha akakiinua tena, na sauti ikawa ile ya redioni. "Mama, nakuahidi kwamba suala hili litapatiwa ufumbuzi wa kisheria."

"Amesema atakuja," mama akasema, akafumba macho akiwa ametulia. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Na niseme ukweli, nami nilielewa hivyo hivyo. Nilidhani mwanamume mwenye cheo, mwenye vitabu, akisema ufumbuzi, ana maana ya kufumbua.

Jumamosi Pashuri alirudi, safari hii na furushi. Ilikuwa kanzu ya upako yenyewe, kitani kilichofumwa bila mshono, kinachovaliwa siku moja katika maisha ya mtu. Kwa kawaida kanzu huletwa na tarishi. Kuletewa na Katibu ilikuwa heshima, nami niliipokea kama heshima. Akanipa kitabu cha dobi, kile ninachotia sahihi kila ninapopokea nguo.

"Soma kwanza, dada Tirza, ukipenda," akasema.

Nilicheka. Miaka kumi na tisa nimetia sahihi kitabu hicho. Nikatia, nikakandamiza vizuri ili alama itokee hadi nakala ya chini, maana kulikuwa na karatasi ya kaboni. Nikaenda kuchanganya wanga.

Kanzu ile niliifua kama nisivyowahi kufua. Niliisuuza mara saba, nikaitia bluu kidogo tu, tone, ili weupe usizidi ukawa wa bluu. Kamba ya kuanikia Pashuri aliipima mwenyewe, iwe hatua arobaini na moja kutoka kitanda cha mama. Nilipopiga pasi ya mkaa niliona ule mkono wa kulia na wa kushoto umelala sawasawa juu ya meza, nikamwita mama kutoka nje: "Mama, mikono iko sawa!" Sijui kama alinisikia. Nikairudisha kambani, mbali na nyumba.

Jumanne asubuhi, saa tatu, aliniuliza kama ni Hezroni aliye mlangoni. Nikasema yuko njiani. Akasema basi nisifunge mlango. Baadaye kidogo akaacha kuitika. Nimeandika hivyo kwa mazoea tu. Alikufa. Mama yangu alikufa Jumanne saa tatu asubuhi, mlango ukiwa wazi.

Nilimtuma jirani yangu Milka akimbie Hekaluni kutoa habari. Nikakaa kumngoja mdogo wangu. Nilijua anapoteza ukuu, na nilimwonea huruma, Mungu ananiona, nilishaanza kupanga maneno ya kumfariji. Nilisema moyoni, atalia ya mama na atalia ya cheo, na yote mawili nitamsaidia kulia.

Aliyekuja ni Pashuri. Alikuja kuchukua kanzu kutoka kambani kwa fimbo ndefu yenye ndoana, na kwa fimbo hiyo hiyo akaninyooshea bahasha. Nilisoma: "Idara inakupa pole kwa kuondokewa na Ndugu Ketura, mama mdogo wa Mheshimiwa."

"Ndugu Katibu, hapa mpiga chapa amekosea," nikamwambia. "Ameandika mama mdogo."

"Hajakosea."

"Mama mdogo ni mdogo wake mama. Huyu ni mama."

Pashuri alitoa karatasi ya pili, akaining'iniza kwenye ncha ya fimbo mbele ya macho yangu nisiiguse. Ilikuwa na mihuri mitatu. Juu yake imeandikwa CHETI CHA KUPUNGUZA UNDUGU. Nilisoma yote, safari hii nilisoma. Ilisema kwamba kwa kuwa katika lugha yetu tukufu kila mwanamke aliyelea huitwa mama, na hata Katibu wa Idara amesikika akimwita Ndugu Ketura mama. Na kwa kuwa Sheria inaposema mama haikufafanua ni yupi. Na kwa kuwa Ndugu Ketura alimlea Mheshimiwa kwa upendo wa kupita kiasi, ambao si kawaida kwa mzazi na unaashiria mtu aliyekuwa akijikosha. Idara imejiridhisha kwamba huyo ni mama mdogo. Mama mdogo hayumo katika wale sita. Mheshimiwa hana ruhusa ya kumzika wala lawama ya kutomzika. Kwenye nafasi ya mama mzazi pameandikwa: Anatafutwa.

Chini kabisa, kwenye nafasi ya shahidi wa damu, kulikuwa na sahihi yangu kwa rangi ya kaboni, imekandamizwa vizuri.

Nilihisi baridi miguuni kana kwamba nimesimama ndani ya beseni. "Nani amelitunga hili?" nikauliza. "Ni wewe?"

"Mimi?" Pashuri alishangaa kweli, alikuwa kama anayesifiwa asichostahili. "Sisi watu wa ofisini hatuna akili hiyo. Ni Mheshimiwa mwenyewe. Hata kaboni aliitoa yeye. Mimi nilimwambia, dada yako anajua kusoma, atasoma. Akasema hapana. Akasema, dada yangu akiletewa nguo zangu hasomi, anatia sahihi tu."

"Alisema dada yangu?"

Pashuri akafikiri. "Binamu," akajisahihisha. Akaondoka na kanzu ikining'inia mbele yake, nyeupe, haina hata mkunjo.

Niliumia. Sina namna nyingine ya kulisema, na nimejaribu nyingi. Mtu akikuibia kwa kuvunja dirisha unaweza kumchukia ukapumzika. Huyu aliingia kwa mlango ninaomfungulia kila siku, akatumia ule upendo wenyewe kuwa ufunguo, kisha akauandika kwenye cheti kuwa ni ushahidi dhidi ya mama. Nilikaa chini karibu na mama nikamwomba radhi. Nilimwambia sikusoma. Nilimwambia mara nyingi, mpaka Milka akaja akanifunga khanga kichwani akasema tuanze kuosha.

Wachimbaji kaburi wa Idara walikuwa wanapamba uwanja, kwa hiyo tulipata nafasi Jumatano, saa nane. Walichimba wakaenda kusimama mbali na mabeseni yao. Kwetu mwanamke hashuki kaburini. Mimi nilishuka. Hakuna aliyenizuia, labda kwa sababu hakuna aliyetaka kunigusa.

Mji mzima ulikuwa umetundikwa spika, hata makaburini, ili mtu asipitwe. Nilikuwa nimenyoosha mikono juu, Milka na mumewe wananishushia mama, ndipo sauti ya Hezroni ikajaa angani.

"Ndugu wananchi. Wapo wanaouliza, Kuhani Mkuu huyu, mama yake ni nani? Leo nawajibu bila kificho. Mama yangu ni nchi hii!" Makofi. "Nchi hii ndiyo iliyonizaa. Nchi hii ndiyo iliyoninyonyesha. Na mimi, kama mwana mtiifu, sitaiacha nchi hii peke yake hata dakika moja!"

Watu walilia uwanjani, tuliwasikia. Mama alikuwa mwepesi. Nilimpokea, nikamlaza, nikamgeuza uso vizuri. Kisha nikabaki mle ndani kidogo, maana sikuwa na hamu ya kutoka.

Siku saba za unajisi wangu zilipita vizuri kuliko nilivyotarajia. Mtu najisi haulizwi kitu, hapangwi foleni, hapungiwi mkono na wakubwa. Siku ya tatu na ya saba nilinyunyiziwa maji ya majivu kwa ufagio, kutoka mbali, na karani akaandika kwamba nimetakata. Nilikuwa nimeapa sitagusa tena kitani cha Hekalu. Lakini siku ya tisa kanzu ya upako ililetwa ifuliwe kabla ya kuwekwa makumbusho, na tarishi akaiacha mlangoni akakimbia.

Niliitandaza juu ya meza ili nitafute madoa, ni mazoea ya mikono. Mabegani mafuta, hayo niliyategemea. Kisha nikafika kwenye mkono wa kulia. Wanga wangu hukausha kitani mpaka kikasimama chenyewe, na tone la maji likiuangukia huonekana. Upande wa ndani wa ule mkono, toka kwenye pindo hadi karibu na kiwiko, wanga ulikuwa umelegea wote. Hapo ndipo mtu hujifutia uso akiwa hataki kuonekana.

Nilikaa na ule mkono wa kanzu magotini muda mrefu. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, na ilianza kuvuja. Nilisema, kumbe. Nilisema, alisimama mbele ya watu wote wale akajua saa nane ni saa gani. Nilimwita Milka aone. Milka alisema linaweza kuwa jasho, nami nikamwambia yeye si dobi.

Kesho yake akaja. Alikuja uani ninapoanika, peke yake, bila kipaza sauti, Pashuri amebaki njiani. Alisimama hatua zake arobaini, shuka na kanzu zikipepea kati yetu, nikawa namwona na simwoni.

"Tirza."

"Mheshimiwa."

"Usiniite hivyo." Alikuwa amekonda. "Mama alisema nini mwisho?"

"Alisema nisifunge mlango."

Aliinama. Niliona mabega yake. Nilikuwa na maneno ya siku kumi yaliyojaa mdomoni, mengine mabaya sana, na hata moja halikutoka.

"Umemlaza wapi?" akauliza. "Ni vibaya kutokujua."

Nikamwambia. Nilisogeza shuka kando ili anione vizuri, nikamnyooshea mkono: pale kona, njia ya kutoka ikulu inapokutana na njia ya Hekaluni, nyuma ya tanuri la matofali, kaburi la tatu. Nimeweka jiwe langu la kufulia juu yake.

"Hakuna kibao?"

"Sikujua niandike mama wa nani."

Alitazama kule nilikonyoosha mkono. Kisha akasema, "Asante, dada." Hakusema binamu. Aligeuka akaenda, na mimi nililia mpaka nguo zikakauka kambani. Nilimwambia Milka atakuja kumwomba mama radhi, hawezi kukaribia lakini atasimama kwa mbali, hata mbali inatosha. Alfajiri ya Jumapili nilienda nikafagia kaburi, nikang'oa magugu na ya makaburi ya jirani pia, asije akaona pachafu. Nikavaa khanga niliyoachiwa na mama. Nikakaa kungoja.

Saa mbili walikuja watu sita wa Idara na ndoo za chokaa. Pashuri alikuwa mbele na karatasi.

"Kaburi la tatu, lenye jiwe la kufulia," alisoma. "Hili hapa. Pakeni."

Walilipaka chokaa kaburi lote, na jiwe, na ardhi ya pembeni. Walipaka na makaburi mawili ya jirani kwa tahadhari. Kisha wakasimika nguzo yenye kibao: UNAJISI. MSAFARA UGEUKE HAPA. Wengine walikuwa wameshaanza kuchimba barabara mpya inayozunguka tanuri.

"Mnafanya nini?" Sauti yangu haikuwa yangu.

"Dada Tirza, kaburi lisilo na alama ni hatari sana," Pashuri alinieleza kwa upole wake ule ule. "Kuhani anaweza kulipita karibu bila kujua, akanajisika na nchi nzima ikasimama. Hili liko kwenye njia yake ya kila siku. Sisi tungejuaje? Mheshimiwa hakulala siku kumi kwa wasiwasi. Amesema nikushukuru kwa ushirikiano."

Nikamuuliza kama kweli hakuna kingine alichosema. Pashuri alipekua karatasi yake mbele na nyuma. Hakukuwa na kingine.

Siku hizi kona ile ndiyo nyeupe kuliko kitu chochote mjini. Chokaa hurudiwa kila baada ya mvua. Watu wanaiita Kona ya Mama Kuhani, na Idara imetoa matangazo mawili kwamba jina sahihi ni Kona ya Mama Mdogo, lakini hakuna anayejali. Ile kanzu niliifua, iko makumbusho, na nikiulizwa kuhusu ule mkono nasema lilikuwa jasho, ilikuwa siku ya joto.

Kila asubuhi msafara ukitoka ikulu hupunguza mwendo pale, hugeuka, na pazia la upande wa kaburi huwa limefungwa. Wapita njia hushangaa. Wananiuliza Idara ilijuaje kwamba ni hapo hasa, kati ya makaburi yote yale yasiyo na kibao. Nawaambia mwanawe aliniuliza, nikamwonyesha kwa mkono wangu huu.